Poti Haifunguki: Kutafuta Tatizo Unapoweka Seva ya Gemu Nyumbani

Ujumbe ninaoupata kila mara kutoka kwa vijana wa hapa Kigoma, wa Gungu, Ujiji na hata Kasulu, ni huu: "Fundi, nimefungua poti lakini washkaji hawaingii." Poti ni mlango wenye namba ambao data ya gemu hupita, na kuufungua ni kuiandikia ruta kanuni ya kupeleka data hiyo kwenye kompyuta yako. Nikiomba picha ya skrini ya ruta, mara nyingi kanuni waliyoandika haina kasoro. Kizuizi kiko kwingine. Kati ya rafiki aliyeko Ujiji na kompyuta yako ya Mwanga kuna kampuni ya intaneti, ruta, fayawoli ya kompyuta (programu inayozuia data isiyoruhusiwa kuingia) na seva yenyewe. Yeyote kati ya hao akikataa, mchezaji anaona kitu kile kile: hajaunganishwa. Ndiyo maana kubadilisha kanuni ya ruta mara kumi ni kupoteza jioni.

Nitatumia Minecraft ya Java kwenye Windows kama mfano. Hiyo inatumia poti 25565, TCP (TCP na UDP ni njia mbili tofauti za kusafirisha data). Toleo la Bedrock, lile la kwenye simu, linatumia 19132, tena UDP. Terraria ni 7777 ya TCP. Gemu yako ikiwa nyingine, tafuta namba na aina yake kabla ya kuanza, kwa sababu kuchagua TCP mahali pa UDP ni sawa na kutofungua kabisa.

Hatua ya kwanza: anwani yako ni ya umma au ya kugawana?

Ingia kwenye ruta kwa kivinjari. Anwani yake huwa 192.168.1.1, 192.168.0.1 au 192.168.100.1, kibandiko kilicho chini ya kifaa kinayo, pamoja na nenosiri. Tafuta ukurasa wa hali ya mtandao penye maandishi "WAN IP" (anwani ya ruta upande wa intaneti) na unakili namba hiyo. Kisha, ukiwa kwenye intaneti hiyo hiyo, fungua tovuti yoyote inayokuonyesha IP yako. Namba mbili zikifanana, nenda hatua ya pili.

Zisipofanana, tazama ile ya kwenye ruta. Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, uko nyuma ya CGNAT, yaani NAT (ugawanaji wa anwani moja ya umma) ya kampuni. Kundi hilo la anwani lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo, kwa kuwa anwani za IPv4 ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na kampuni hulazimika kuwawekea wateja wengi anwani moja ya umma. Ni kama S.L.P. ya shule: barua inafika hadi ofisini, lakini kama haina jina la mwanafunzi inakaa pale pale. Pakiti (kipande cha data) ya rafiki yako haifiki kwenye ruta yako, kwa hiyo hakuna kanuni utakayoandika ikasaidia. Ruta za laini, za 4G na 5G, karibu zote ziko hivi, na nyingine hupewa namba zinazoanza na 10. Kwa Kigoma, ambako wengi wetu tunatumia ruta za laini, hapa ndipo safari ya kufungua poti inapoishia kwa watu wengi.

Una njia tatu. Ya kwanza ni kupiga simu huduma kwa wateja na kuuliza waziwazi: "Je, niko nyuma ya CGNAT, na naweza kupata IP ya umma kwa bei gani?" Usiseme "nataka kufungua poti", utaambiwa uzime ruta na kuiwasha. Ya pili ni programu ya kupitishia, kama playit.gg, ambayo kompyuta yako ndiyo inayoanza kuongea na seva yao, kisha wachezaji wanapita humo. Gharama yake ni ping, yaani muda wa data kwenda na kurudi, kwa sababu data inazunguka mpaka ilipo seva hiyo. Ya tatu ni Tailscale au ZeroTier: kila mchezaji anasakinisha programu na mnakuwa kama mko kwenye Wi-Fi moja. Kwa kikundi cha marafiki watano wanaojuana, mimi napendekeza hii ya mwisho hata kwa mwenye IP ya umma, kwa sababu hakuna mgeni anayeweza kubisha hodi.

Namba ya kwenye ruta ikianza na 192.168, kuna uwezekano mkubwa una ruta mbili ndani ya nyumba: kile kifaa cha fiba ulichofungiwa, na ruta uliyonunua dukani ukaichomeka nyuma yake. Suluhisho rahisi ni kuifanya ya pili iwe kisambaza Wi-Fi tu: zima DHCP yake (kazi ya kugawa anwani za ndani), ipe anwani ya ndani isiyogongana na ya kifaa cha kwanza, kisha toa waya kwenye tundu la WAN (la upande wa intaneti) uchomeke kwenye LAN (la vifaa vya ndani). Baada ya hapo rudia ukaguzi, safari hii ukisoma "WAN IP" ya kifaa cha fiba.

Hatua ya pili: seva yenyewe iko hai?

Washa seva, kisha kwenye kompyuta hiyo hiyo ingia kwenye gemu kwa anwani localhost, yaani kompyuta hii yenyewe. Ikikubali, jaribu kwa kompyuta nyingine ya nyumbani ukitumia anwani ya ndani, kwa mfano 192.168.1.50. Hii nayo ikikubali, unajua seva na fayawoli ni wazima na kilichobaki ni ruta.

Ikikataa, fungua Command Prompt uandike:

netstat -ano | findstr 25565

Unatafuta mstari wenye LISTENING. Ukiona 0.0.0.0:25565 au [::]:25565, seva inasikiliza kila upande. Ukiona 127.0.0.1:25565, inajisikiliza yenyewe tu. Usipoona kitu, haijawaka. Fungua faili la server.properties uangalie mstari wa server-ip=. Unatakiwa uwe mtupu baada ya alama ya sawasawa. Watu hupenda kuandika IP ya umma pale, na seva inagoma kuwaka kwa ujumbe wa "Failed to bind to port", kwa sababu IP hiyo ni mali ya ruta, kompyuta haina.

Hatua ya tatu: fayawoli ya Windows

Kama localhost imekubali lakini kompyuta ya pili imekataa, tatizo karibu kila mara liko hapa. Fungua "Windows Defender Firewall with Advanced Security", nenda "Inbound Rules", ongeza kanuni mpya ya poti, TCP, 25565, ruhusu. Angalia pia kama Windows imeuweka mtandao wako kwenye kundi la "Public". Kanuni iliyoandikwa kwa "Private" peke yake haitafanya kazi hapo. Antivirasi za kulipia nyingi zina fayawoli yake, na hiyo haisikilizi ulichoiambia Windows. Kwenye Ubuntu, sudo ufw allow 25565/tcp inamaliza kazi.

Usizime fayawoli yote "kwa majaribio tu". Majaribio hayo huwa hayaishi.

Hatua ya nne: ipe kompyuta anwani isiyohama

Ruta hugawa anwani za ndani kwa zamu. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta iliyokuwa .50 inaweza kuamka .53, na kanuni yako inaendelea kutuma wachezaji kwa simu ya mdogo wako. Andika ipconfig /all, chukua "Physical Address" (namba ya kifaa cha mtandao), kisha kwenye ruta tafuta "DHCP Reservation" au "Static DHCP" uifungie anwani moja. Waya na Wi-Fi zina namba tofauti, kwa hiyo chukua ya ile unayotumia. Kwa seva tumia waya.

Hatua ya tano: kanuni ya ruta

Sasa ndiyo unaigusa. Menyu inaweza kuitwa "Port Forwarding", "Virtual Server" au "Port Mapping", mara nyingi chini ya NAT. Jaza poti ya nje 25565, poti ya ndani 25565, aina TCP, na anwani ya ndani ya kompyuta. Sehemu ya anwani ya chanzo iache tupu. Ukiandika kitu pale unaruhusu mtu mmoja tu. Vifaa vya fiba vya Huawei hukuuliza pia jina la WAN. Chagua lenye neno INTERNET, maana mengine ni ya kampuni kusimamia kifaa au ya simu ya mezani. Hifadhi, toka, ingia tena uhakikishe kanuni bado ipo.

Kuna mtu atakushauri uweke kompyuta kwenye DMZ. Kataa. DMZ inaelekeza kwako kila poti isiyo na kanuni, pamoja na zile ambazo hukujua kwamba Windows inazisikiliza.

Hatua ya sita: jaribu kutoka nje

Usijaribu IP ya umma ukiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani. Ruta nyingi haziwezi kugeuza safari inayotoka ndani na kurudi ndani, kwa hiyo utaona imekataa wakati rafiki wa Kibirizi anaingia vizuri. Zima Wi-Fi ya simu, washa data, kisha tumia tovuti ya kukagua poti, uiandikie IP ya umma ya nyumbani, huku seva ikiwa inawaka. Seva ikiwa imezimwa, jibu litakuwa "imefungwa" hata kama kila kitu kiko sawa. Kwa UDP tovuti hizo haziaminiki; mwombe rafiki aingie.

Soma pia jibu analopata. "Connection refused" kwa kawaida maana yake pakiti imefika mahali na hakuna aliyesikiliza: seva imezimwa, au kanuni inaelekeza kwenye kifaa kingine. "Timed out" maana yake imepotelea njiani, hivyo rudi hatua ya kwanza na ya tatu. Ukitaka uhakika, washa Wireshark (programu ya kuona pakiti zinazopita) kwenye kompyuta, chuja kwa tcp.port == 25565, rafiki ajaribu. Ukiona pakiti zake zinaingia, acha kulaumu ruta.

Baada ya kufunguka

IP ya umma ya nyumbani nayo hubadilika, hasa ruta ikizimika na umeme. Jisajili DuckDNS, ni bure, upate jina ambalo programu ndogo kwenye kompyuta italisasisha kila IP inapohama. Wape marafiki jina hilo badala ya namba.

Poti 25565 hukaguliwa na roboti duniani kote, kwa hiyo wageni watakuja hata kama hukumwambia mtu. Weka white-list=true (orodha ya wanaoruhusiwa) kwenye server.properties, ongeza marafiki kwa amri ya whitelist add, na uiache online-mode (seva kuhakiki akaunti za wachezaji) kuwa true. Usiendeshe toleo la zamani kwa sababu tu modi unayoipenda haijasasishwa: Desemba 2021, udhaifu wa Log4j (sehemu ya programu inayoandika kumbukumbu za seva) ulimwezesha mtu kuendesha programu zake kwenye seva ya Minecraft kwa kuandika ujumbe kwenye gumzo, na ulizibwa kwenye toleo la 1.18.1. Siku mkiacha kucheza, futa kanuni kwenye ruta.