Somo: Kujilinda kwa Caro-Kann Ukicheza Kete Nyeusi

Katika sataranji (chess), wengi wetu tukipewa kete nyeusi hupoteza mchezo mapema kwa pupa ya kushambulia kabla ya kujipanga. Ulinzi wa Caro-Kann, unaobeba majina ya Horatio Caro na Marcus Kann waliouchambua mwaka 1886, hukupa ukuta imara bila kumfungia askofu wako wa miraba myeupe. Kwa sababu hiyo ninaupenda kuliko ulinzi wa Kifaransa, ambamo askofu huyo hukwama nyuma ya kitunda (kete ndogo ya safu ya mbele) cha e6. Alama kama e6 hutaja mraba wa ubao: herufi ni safu ya wima, namba ni mstari.

Hatua ya kwanza: mpinzani akicheza e4, sogeza kitunda hadi c6.

Hatua ya pili: akiweka d4, jibu d5, kwa kuwa kitunda hicho sasa kinalindwa na cha c6.

Hatua ya tatu: akimtoa farasi c3, kula e4. Farasi wake akikila kitunda chako, mtoe askofu f5 umtishe. Farasi atahamia g3, nawe urudishe askofu g6. Hapa usiharakishe. Mpinzani akisukuma h4 anakusudia h5 ili amnase askofu, kwa hiyo cheza h6 papo hapo upate maficho ya h7. Akileta farasi f3, weka wako d7 ili wake asirukie e5. Kitunda cha e6 hufuata baadaye, askofu akiwa tayari yuko nje.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, akila d5 nifanyeje?

Kula kwa kitunda cha c, kisha toa farasi c6 na f6. Hakuna la kuogopa.

Je, farasi wake akishakila kitunda changu cha e4, naweza kumtoa farasi d7 badala ya askofu f5?

Unaweza, na Karpov, bingwa wa dunia wa zamani, aliutumia sana mkondo huo, lakini uwe macho. Mpinzani akiweka malkia e2, nawe ukamtoa farasi wa pili f6 bila kufikiri, farasi wake ataruka d6 na mchezo utakwisha hapo hapo: kitunda cha e7 hakiwezi kumla kwa sababu kikisogea kinamwacha mfalme wazi mbele ya malkia, na mfalme mwenyewe amezingirwa na kete zake. Hata Kasparov, naye bingwa wa dunia wa zamani, aliumia katika mkondo huu tarehe 11 Mei 1997 mjini New York, alipocheza h6 mapema, kompyuta ya Deep Blue ikatoa farasi kafara e6, naye akasalimu amri baada ya hatua 19.

Na akisukuma e5 katika hatua ya tatu?

Mtoe askofu f5, kisha e6, halafu ubomoe vitunda vyake vya katikati ya ubao kwa c5. Ila akijibu h4 mara tu askofu anapotoka, usicheze e6, kwa maana g4, f3 na h5 zitamnasa askofu wako. Cheza h5 kwanza.