Sinki la kifua kwenye kabati la jikoni: anza chini, si juu

Wanakikundi, habari za jioni. Niliahidi somo la lile sinki jeupe, zito, la udongo wa kuchomwa, ambalo uso wake wa mbele unaonekana na milango ya kabati inaanzia chini yake. Wateja wananionyesha picha kwenye simu wakiliita famuhausi. Sisi hapa karakanani Pasua, Moshi, tunaliita sinki la kifua. Faida yake utaiona Desemba, ukoo mzima ukirudi Moshi na ile sufuria kubwa ya mtori ikagoma kuingia kwenye sinki la kawaida.

Kabla ya msumeno, fikiria uzito. La mwisho nililofunga tulilinyanyua watu wawili, halipungui sana mfuko wa saruji. Lijaze maji ndoo tatu za lita 20, zimeongezeka kilo 60. Bado vyombo. Mzigo huo ukiuning'iniza kwenye mbavu za kabati la MDF (mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa) kwa skrubu na silikoni, siku moja utausikia usiku.

Hatua ya 1: Sinki lifike kwanza. Usikate hata ubao mmoja kwa vipimo vya kwenye boksi. Udongo husinyaa ukichomwa tanuruni, na hausinyai sawasawa, kwa hiyo masinki mawili ya aina moja yanaweza kupishana milimita kadhaa. Pima upana nyuma, katikati na mbele. Pima kimo cha kifua kulia na kushoto. Kisha pima kabati kwa ndani: la sentimita 80 kwa nje, likiwa la mbao za milimita 18, ndani lina 76.4 tu.

Hatua ya 2: Tundu la maji machafu ukutani. Hapa ndipo nilipoumbuka. Nilifunga sinki Rau, likakaa kama limezaliwa pale, mama mwenye nyumba akapiga vigelegele. Nilipoinama kuunganisha trapu, lile bomba lililopinda chini ya sinki, nikakuta tundu la ukutani liko juu kuliko trapu yenyewe. Maji hayapandi mlima. Tulivunja ukuta uliokwisha pigwa marumaru, na gharama nililipa mimi.

Hesabu yake ni hii. Kabati bila granaiti lina kimo cha sentimita 87, sinki lina 25, basi kitako cha sinki kiko 62 kutoka sakafuni. Toa kama 20 za westi (kile kipande cha kutolea maji kinachofungwa kwenye tundu la sinki) na trapu. Tundu la ukutani lisizidi 40 hivi, na bomba lishuke sentimita 2.5 kwa kila mita. Likizidi, mwite fundi bomba leo, kabla ya seremala.

Hatua ya 3: Fremu. Miguu minne ya mbao za 2 kwa 4, miwili kila upande, imefungwa kwenye mbavu za kabati lakini imesimama yenyewe. Juu yake pitisha mbao mbili, kisha plaiwudi ya milimita 18 yenye tundu la westi. Kwa mfano wetu, fremu iishie sentimita 60.2, plaiwudi imalizie mpaka 62. Saiprasi iliyokauka inafaa. Mkaratusi mbichi utajipinda. Watu wengi husahau kwamba chini ya sakafu ya kabati kuna uwazi, kwa hiyo weka vipande vya mbao humo, chini kabisa ya kila mguu, ili mzigo ufike kwenye zege.

Hatua ya 4: Kukata uso wa kabati. Bandika tepu ya karatasi, chora, kata milimita mbili ndani ya mstari, kisha sogeza kwa tupa. Haraka ya nini? Kilichokatwa hakirudi. Kifua kitokeze mbele ya milango sentimita moja au mbili, maji yanayotiririka yasiingie kwenye mbao. Kingo zote ulizokata zipakwe vanishi, hasa za MDF, maana ikinywa maji inavimba kama andazi.

Hatua ya 5. Shusha sinki watu wawili, weka pima maji pande zote, rekebisha kwa vipande vyembamba. Ndipo fundi wa granaiti aje kupima, akiliona sinki mahali pake. Matundu ya koki yatobolewe kwenye granaiti. Westi kaza kwa mkono, kisha kidogo tu kwa spana. Silikoni ya kuziba kati ya sinki na granaiti iachwe saa 24. Jaza maji, tandaza gazeti kavu chini, fungulia yote kwa mpigo: doa kwenye gazeti litakuonyesha kiungo kinachovuja.

Maswali ya wanakikundi

*Dada wa Sakina, Arusha:* Kaka fundi, mimi granaiti imeshalazwa. Inawezekana?

Inawezekana dada, ila granaiti ya mbele itakatwa yote na nyuma utabaki ukanda mwembamba wenye matundu ya koki, ambao ndio hupasuka. Mwachie fundi wa mawe, na kubaliana naye mapema nani atalipa ukipasuka. Ningekuwa mimi ningebadilisha kipande chote cha hapo.

*Mzee wa Machame:* Kabati langu ni la tofali na zege.

Shikamoo mzee. Hilo ndilo bora kuliko yote. Jenga vijiguzo viwili vya tofali badala ya fremu, sinki likae juu yake na mpira mwembamba katikati. Usilimiminie zege ubavuni, siku ya kulitoa utalivunja.

*Kijana wa Usa River:* Silikoni yangu imekuwa nyeusi.

Ni ukungu. Ikwangue yote, kausha siku nzima, paka ile ya bafuni na jikoni. Kupaka mpya juu ya ya zamani ni kupoteza hela.

*Mama wa Soweto:* Nikimwaga maji yanayochemka, halitapasuka?

Sinki lenyewe mama halina shida na maji ya moto, trapu ya plastiki ndiyo hulegea. Fungulia koki ya baridi huku unamwaga. Kinacholiumiza ni kuangushiwa sufuria nzito, ile rangi ya kung'aa inabanduka, kwa hiyo tandika wavu wa mpira chini.