Kufunga njia za maji kwenye gari la kujiundia: injini nyuma, rejeta mbele

Kijana mmoja wa Chumbageni, hapa Tanga, ameunda gari la viti viwili: chesisi ya mabomba ya mraba, bodi ya fibaglasi, na injini ya 4A-FE iliyotolewa kwenye Corolla, ikakaa nyuma ya viti. Rejeta iko puani. Gari lilikuwa likichemsha kila likitoka uani, na kila fundi aliyepita alimshauri anunue rejeta kubwa zaidi. Rejeta haikuwa na tatizo. Hewa ilikuwa imekwama ndani. Kwa anayejenga kwa mpangilio kama huu, fuata hivi.

1. Rejeta na feni

Chukua rejeta ya gari lenye injini ya ukubwa huohuo. Ikae juu ya raba, feni iwe nyuma yake ikivuta. Ziba kwa bati nafasi zote za pembeni, maana upepo hukwepa rejeta ukipata pengo. Feni ipitie rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme.

2. Mabomba marefu

Maji ya moto hutoka kwenye silinda hedi, yaani sehemu ya juu ya injini, kwenda juu ya rejeta. Yaliyopoa hutoka chini ya rejeta kurudi kwenye wota pampu. Chini ya sakafu mimi natumia stenlesi ya milimita 32 na sibadili. Bomba la maji la nyumbani lililopakwa zinki likatae hata ukipewa bure: zinki na kulanti (dawa inayochanganywa na maji ya kupoza injini) havipatani, na tope lake huziba rejeta. Ncha za bomba zivimbishwe ukingo ili hozi isichomoke presha ikipanda. Klipu ziwe za kukaza kwa bisibisi.

3. Tanki na vimrija vya hewa

Hapa ndipo siku huishia. Kwenye Corolla yenyewe rejeta iko karibu na injini, na hewa hutoka kirahisi. Gari letu lina pua fupi, kwa hiyo juu ya rejeta ni chini kuliko silinda hedi, na mabomba yanashuka sakafuni kabla ya kupanda tena. Hewa hujikusanya sehemu mbili: kilele cha rejeta na kilele cha injini. Zote mbili zinahitaji njia ya kutokea.

Funga tanki dogo la kuhimili presha mahali palipo juu kuliko kitu chochote chenye maji. Juu kweli, pima kwa mpira wa maji unaoona ndani, usipime kwa jicho. Kutoka chini ya tanki teremsha hozi ya milimita 19 hadi kwenye bomba la kurudi, karibu kabisa na wota pampu, ili upande unaovuta usikaukiwe.

Kisha vuta vimrija viwili vyembamba, milimita 6 hadi 8, kimoja kutoka kilele cha rejeta na kingine kutoka kilele cha injini. Kila kimoja kiingie kwenye tanki kwa tundu lake. Usiviunganishe kwa kiungo cha T ili kuokoa tundu moja: presha ya injini ni kubwa kuliko ya rejeta, kwa hiyo maji yatasukumwa kurudi kwenye rejeta na hewa itabaki palepale. Kimrija cha rejeta kiwe kinapanda mfululizo hadi nyuma, bila kubonyea popote. Na visiwe vinene, la sivyo maji ya moto yatapita humo bila kufika kwenye rejeta.

Kifuniko chenye springi kiwe kwenye tanki peke yake. Kile cha rejeta weka kisicho na springi. Cha 0.9 bar huwezesha maji kufika zaidi ya nyuzi 115 kabla ya kuchemka.

Sensa ya geji ya joto nayo izame kwenye maji. Ikikaa kwenye hewa, geji itakuonyesha ubaridi huku gasketi inaungua.

4. Themostati

Hii ni vali inayofunguka maji yakipata moto ili yaende kwenye rejeta. Usiitoe. Najua gereji nyingi huitupa siku ya kwanza. Kwenye injini hii, themostati ikifunguka ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kwenda mbele. Ichemshe kwenye sufuria: ianze kufunguka karibu na nyuzi 82. Ile pini ndogo inayochezacheza ielekee juu.

5. Kujaza

Changanya kulanti na maji yaliyosafishwa, nusu kwa nusu. Maji ya kisima yanayopita kwenye mawe ya chokaa, kama yale ya Amboni, huacha magamba. Ukinunua maji ya betri, hakikisha si asidi. Jaza polepole kupitia tanki, washa injini kifuniko kikiwa wazi, ongeza yanaposhuka, kisha funga.

6. Jaribio

Zunguka Ngamiani kwa mwendo mdogo hadi feni ijiwashe, ndipo uelekee Muheza. Shika bomba la rejeta, la juu na la chini: yote yawe moto, la chini likiwa limepoa kidogo. Acha gari lilale hadi asubuhi, fungua kifuniko likiwa baridi, jazia maji, na kaza klipu zote tena.