Kabla hujampokea mtoto wa malezi ya kambo

Wengi wanaojitolea kwa malezi ya kambo, yaani kumlea kwa muda mtoto wa wengine anayeletwa na ustawi wa jamii, huanza na kitanda na sare za shule. Si vibaya, ila hayo ndiyo mepesi. Kabla ya kujaza fomu, ulizaneni nyumbani kama mko tayari kumlea mtoto ambaye, mambo yakienda vizuri, atarudi kwao. Malezi ya kambo si kuasili, yaani si kumchukua mtoto awe wako kisheria. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala unasema kumtoa mtoto kwa wazazi wake ni hatua ya mwisho, na umaskini peke yake hautoshi kuwa sababu. Anayeingia huku moyoni akiomba mama mzazi ashindwe, ajipime upya.

Ofisa ustawi wa jamii akipiga simu, uliza kabla hujakubali: mtoto ana mzio gani, anatumia dawa gani, yuko darasa la ngapi, amezoea kulala na nani, ndugu zake wako wapi? Mwongozo uleule unataka ndugu wasitenganishwe bila sababu nzito, kwa hiyo kama nafasi yako ni ya mmoja, sema mapema. Uliza pia ameshapita nyumba ngapi. Aliyehamishwa mara kwa mara huja akiwa ameshajifunza kutofungua begi lake.

Siku za kwanza huenda akawa mpole kupita kiasi. Msishangilie. Akishaanza kuzoea ndipo yanapotokea ya kukojoa kitandani, kuficha chakula chini ya mto, kumng'ang'ania mgeni yeyote au kukataa kuguswa. Mkate uliofichwa si wizi. Ni mtoto asiyeamini kwamba kesho kutakuwa na chakula. Muwekee matunda mahali anapofikia bila kuomba. Suala la adhabu likubaliwe sasa, kabla ya kosa la kwanza, na kiboko kisiwemo kabisa.

Je, kazi yote hiyo inaleta tofauti? Huko Bucharest, Romania, watafiti waliwafuatilia watoto wadogo 136 waliokuwa wakiishi kwenye vituo vya kulelea watoto. Nusu yao walipelekwa kwa familia za kambo. Hao waliendelea vizuri zaidi kiakili na kihisia kuliko wale wengine, hasa walioingia kwenye familia kabla ya kutimiza miaka miwili. Lakini familia zile hazikuachwa peke yake: zilikuwa na wafanyakazi wa ustawi waliozitembelea na kuzishauri. Sehemu hii husahaulika sana na wanaopenda kuusifu utafiti huo.

Kwa hiyo mjue ofisa wako. Pengine ana mafaili mengi kuliko anavyoweza kuyabeba, na ukimya wake mara nyingi ni uchovu. Kumtoa mtoto mikononi mwa mama yake si jambo analoliacha ofisini jioni. Hata hivyo, usione haya kumuuliza nani anashika simu usiku, nani anasaini mtoto akihitaji upasuaji, na atakuja mara ngapi. Fungua daftari la tarehe, usingizi, maneno aliyosema mtoto. Maofisa hubadilika, na mara nyingine daftari lako ndilo kumbukumbu pekee iliyonyooka.

Kukutana na wazazi ndiko kugumu kuliko yote. Mama anaweza kuchelewa, akaja na hasira iliyofunika aibu. Mtoto atarudi akilia au akivunja vitu, nawe utashawishika kusema ziara zinamdhuru. Huenda ni huzuni tu ya kuachana tena. Jioni hiyo isiwe na wageni wala kazi nyingi za shule, na mama yake asisemwe vibaya hata kwa mzaha.

Watoto wako wa kuzaa waulizwe, wasitangaziwe tu. Watagawana chumba na muda wako, kisha watamlilia mwenzao akiondoka. Posho, kama ipo, usiipangie kodi ya nyumba. Picha zake zisiende mitandaoni.

Kuondoka nako kuandaliwe tangu mwanzo: begi lake mwenyewe, si mfuko wa plastiki, lenye picha, ripoti za shule na kadi ya chanjo. Uliza mapema kama mtaruhusiwa kuwasiliana naye baadaye. Baada ya hapo ofisi inaweza kupiga simu ndani ya wiki ileile kuhusu mtoto mwingine, na kuwaambia "bado" ni jibu halali.