Kagua bwawa lako la udongo kabla mvua ya Machi haijaanza

Mwenye bwawa akikutembeza, atakupeleka moja kwa moja kwenye maji akuonyeshe yalivyojaa. Mpe pongezi zake, kisha muombe mshuke upande wa pili, kule kukavu, chini kabisa ya tuta. Ukaguzi unaanzia hapo.

Mimi ni fundi wa maji. Kazi zangu nyingi ni mabwawa madogo yaliyoachwa na mashamba ya kahawa upande wa Kamiti na Kahawa, pembezoni mwa Nairobi, ambayo siku hizi yamezungukwa na ploti na nyumba. Vaa gumbuti, beba panga, chupa ya plastiki isiyo na rangi, mkebe wa lita tano, futi na daftari.

Kwanza fyeka. Nyasi fupi hushika udongo, lakini nyasi za kufika kiunoni huficha kila kitu, nyoka akiwemo. Halafu tembea kitakoni mwa tuta kutoka upande mmoja hadi mwingine, polepole, ukikanyaga ili mguu ukuambie palipo laini. Tafuta nyasi za kijani wakati nyingine zimekauka, matete yaliyoota mahali hayakuwepo, na udongo unaobonyea. Zunguka vizuri pale bomba la kutolea maji linapotokeza, maana maji hupenda kufuata ubavu wa bomba.

Kila tuta la udongo huvuja kidogo. La kuuliza ni kama maji yanatoka peke yake au yanatoka na udongo. Kinga chupa, iache itulie kivulini, kisha angalia kama kuna udongo uliotuama ndani, chini. Pima pia mkebe unajaa kwa muda gani, uandike pamoja na kina cha maji bwawani siku hiyo, la sivyo hutakuwa na cha kulinganisha. Kuna bwawa moja nilikuta kichemchemi kitakoni na mlinzi anaoshea jembe hapo.

"Mzee, maji haya yamekuwa na rangi hii tangu lini?"

"Hayo ni ya mvua tu, fundi. Juzi yalikuwa meupe."

Mvua haikuwa imenyesha wiki hiyo. Maji meupe yakigeuka tope, tuta linaliwa kutoka ndani: kila punje inayotoka inaacha tundu, na tundu linarudi nyuma kuelekea kwenye maji. Bwawa la Teton kule Idaho, Marekani, lilikuwa na kimo cha zaidi ya mita 90. Tarehe 5 Juni 1976 wafanyakazi walionekana asubuhi wakihangaika na maji ya tope, na kabla ya saa sita mchana tuta lilikuwa limekatika.

Hapo watu wengi hukimbilia saruji au udongo mfinyanzi wazibe. Usizibe. Maji yatatafuta pengine pa kutokea, na hutapaona. Mwaga mchanga safi juu ya chemchemi, kisha kokoto, kisha mawe, ili maji yapite na udongo ubaki. Mpigie mhandisi wa mabwawa aliyesajiliwa siku hiyo hiyo, na muanze kupunguza maji taratibu. Ukifungua yote kwa usiku mmoja, uso wa ndani wa tuta unabaki umelowa na mzito huku maji yaliyouegemea yameondoka, nao unaweza kuporomoka. Ndiyo maana koki ya bomba ifunguliwe na kufungwa mara kwa mara wakati wa amani, isije ikagoma siku unayoihitaji.

Sasa panda juu. Ufa unaokwenda sambamba na tuta unaweza kuwa dalili ya udongo kuteleza. Unaokatiza tuta ndio unaonitisha zaidi, maana ni njia ya maji iliyo wazi. Upande wa Ruai na Embakasi, udongo mweusi hupasuka kila kiangazi, kwa hiyo usibahatishe: pigilia misumari miwili kwenye vigingi, mmoja kila upande wa ufa, upime nafasi kati yao kila wiki. Funika kwa turubai mvua isiingie. Palipobonyea utapagundua kwa mpira wa maji, ule ule wa waashi wa kupimia usawa. Mashimo ya fuko na mchwa yachimbwe hadi mwisho, yajazwe na kushindiliwa kwa matabaka. Miti usipande kabisa juu ya tuta. Mkaratusi uliokwisha kuwa mkubwa usiung'oe bila mhandisi, kwani mizizi ikioza ndani inaacha mifereji.

Njia ya maji ya ziada ndiyo inayonigombanisha na watu. Mmoja amepanda sukuma hapo, mwingine amepanga magunia ya mchanga ili bwawa libebe zaidi, mwingine ameweka wavu samaki wasitoroke. Ondoa vyote. Bwawa la South Fork, Pennsylvania, lilikuwa na wavu wa samaki hivyo hivyo, na juu ya tuta palikuwa pamepunguzwa kwa ajili ya barabara. Mvua ya 31 Mei 1889 ilileta takataka zikaziba wavu, maji yakapita juu ya tuta, wakafa watu 2,209. Tuta la udongo halivumilii maji kupita juu yake.

Mwisho, shuka bondeni ujue nani analala huko. Bwawa la Solai, Nakuru, lilipasuka usiku wa 9 Mei 2018, likaua zaidi ya watu 40. Andika namba za simu za kila nyumba, za mzee wa mtaa, za chifu na za ofisi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ambayo pia ndiyo inayotoa vibali. Kubalianeni ishara, filimbi au kengele ya kanisa, na muwaonyeshe kwa miguu pa kukimbilia: wapande kando ya bonde, wasikimbie kufuata mto.