Jinsi ya kujua umri wa karata za Marekani kwa stempu yake ya ushuru

Pakiti kuukuu ya karata ikifika mkononi mwako, tulia kwanza. Kile kikaratasi kilichoziba mdomo wa boksi, mara nyingi cha rangi ya buluu, kinaweza kukuambia mengi kuliko karata zenyewe. Marekani ilitoza ushuru wa karata kuanzia 1862 hadi 1883, ikaurudisha 1894 na kuufuta 1965. Katika miaka hiyo, stempu kwenye pakiti ndiyo iliyoonyesha kwamba ushuru umelipwa.

Hatua ya 1: Usibandue stempu

Sisi tulioanzia kwenye stempu za barua tuna mazoea ya kuloweka. Kwa karata, acha kabisa. Niliwahi kuloweka boksi moja. Stempu ikatoka safi, lakini boksi likavurugika hadi jina la mtengenezaji halisomeki. Hadi leo sijui stempu ile ilitoka kwenye karata za nani, na inaniuma. Stempu ikiwa imechanika usisikitike, maana ilibandikwa juu ya kifuniko na mnunuzi alilazimika kuichana ili acheze. Tumia lenzi ya kukuzia na mwanga wa pembeni, basi.

Hatua ya 2: Soma kiwango

Hapa ndipo penye utamu. Katika awamu ya pili ya ushuru, iliyoanza 1894, stempu ya senti 2 ni ya kati ya 1894 na 1917. Senti 7 ni 1917 hadi 1919, senti 8 ni 1919 hadi 1924, na senti 10 inaanza 1924. Ukikuta stempu ya senti 2 iliyopigwa chapa ya 7 juu yake, usidhani kuna mtu kaichezea. Vita Kuu ya Kwanza ilipandisha ushuru ghafla, na stempu za zamani zilizokuwapo zikapewa thamani mpya. Mimi huzipenda hizi kuliko zote, kwa sababu zinabana umri wa pakiti ndani ya muda mfupi.

Ikiwa stempu imeandikwa "On Hand" (yaani, zilizopo mkononi), umepata ya mwanzo kabisa wa awamu ya pili: iliandaliwa kwa pakiti zilizokuwa tayari ghalani.

Hatua ya 3: Tafuta alama ya kufuta

Stempu ilifutwa isitumike tena. Watengenezaji walipiga juu yake herufi za kampuni, na mara nyingine tarehe. Linganisha herufi hizo na jina lililo kwenye boksi. U.S.P.C. ni kampuni ya United States Playing Card, wakati huo ya Cincinnati, watengenezaji wa karata za Bicycle. Herufi na boksi zikipingana, huenda stempu imehamishwa kutoka pakiti nyingine.

Hatua ya 4: Toa ree ya shupaza

Kuanzia miaka ya 1940 utakuta stempu zilizoandikwa "1 Pack" bila kiasi chochote, kwa hiyo kiwango hakikusaidii tena. Kwenye karata nyingi za U.S.P.C., ree ya shupaza ina herufi moja na tarakimu nne. Herufi ndiyo ya mwaka, ila hujirudia baada ya takriban miaka 20. Ikikupa miaka miwili au mitatu inayowezekana, rudi kwenye stempu ikuchagulie. Mfano: herufi ikigonga mwaka wa miaka ya 1920 na mwingine wa 1940, stempu ya senti 8 inamaliza ubishi.

Kati ya miaka ya 1940 na 1960 "1 Pack" haitenganishi, kwa hiyo kagua anwani kwenye boksi. Ikiwa na msimbo wa posta wa tarakimu tano, boksi hilo ni la 1963 au baadaye, kwani ndipo Marekani ilipoanza kuutumia.

Hatua ya 5: Andika

Andika kiwango, alama ya kufuta na namba ya ree kwenye kikaratasi cha pembeni, kwa penseli. Kiweke pamoja na pakiti ndani ya mfuko usio na asidi, mbali na jua. Buluu ile hupauka.