Nzi wa karoti: mtafute kwenye ua wa miti, si kwenye tuta

Ukiwa na kishamba cha kukodi Uingereza na majani ya karoti yakaanza kuwa mekundu-mekundu mwezi wa Julai, usikimbilie kumwagilia. Ng'oa moja, ioshe, itazame. Ukiona vijia vya rangi ya kutu chini ya ganda, na pengine funza mwembamba wa rangi ya maziwa amening'inia nusu nje, huyo ni nzi wa karoti, Psila rosae. Kutu hiyo ndiyo iliyowapa nzi wa jenasi ya Psila na jamaa zao jina la nzi wa kutu. Huyu asili yake ni Ulaya, ila siku hizi yupo pia Amerika Kaskazini na New Zealand.

Wengi hupoteza zao lote bila kumwona nzi mwenyewe. Ni mdogo, hafiki sentimita moja, mweusi wa kung'aa, miguu ya njano. Tena hashindi kwenye karoti. Mchana hujificha kivulini, kwenye ua wa miti na magugu ya pembezoni. Alasiri jike huingia shambani, hutaga kwenye udongo kando ya shina, kisha huyo, anarudi zake. Ndiyo maana tuta linalopakana na ua huliwa kwanza. Peleka karoti mbali na ua huo, penye upepo.

Kizazi cha kwanza huruka Mei na Juni, cha pili huanza mwishoni mwa Julai. Mbegu za mapema Juni hukwepa sehemu kubwa ya wale wa kwanza. Zisie kwa nafasi usilazimike kupunguza miche, maana harufu ya majani yaliyopondeka humwita.

Kinga ya kutegemewa ni chandarua cha matundu madogo, kingo zikifukiwa siku ileile ya kusia. Hapo nilikosea mwenyewe: mwaka wa pili nilifunika tuta lilelile. Pupa zilikuwa zimelala udongoni baridi yote, nzi wakaibukia ndani. Nikawa nimewafugia! Hamisha tuta kila mwaka, wala usifuatishe pasinipu au seleri, nazo anazila.

Mbegu za karoti aina ya Flyaway au Resistafly hupunguza madhara tu, haziondoi haja ya chandarua.

Vuli ikifika, ng'oa karoti zote. Zile zilizotobolewa usiziache ardhini, kwani funza hupitisha baridi humohumo.